Mzee Khisa, Mshonaji wa Matanga Ambaye Hajaona Bahari

Chesang, binti yangu, amemaliza sasa hivi kumfunga Mzee Khisa kiatu kwenye mguu wa cherehani. Hakufunga kitoto. Amezungusha kamba, akairudisha, akaivuta kwa meno vile huona Mzee akifunga parseli, kisha akapiga makofi mara moja kama mtu amemaliza kazi ya siku na kwenda kutafuta paka. Mzee anakula mandazi akitazama barabarani na hajajua. Nimeamua kutomwambia. Ni siku yake ya mwisho kazini, ako na saa tatu za kukaa kwenye hicho kiti, na si kama ana mahali pa kwenda.

Sasa niandike vile nilitumwa. Mzee Hezekiah Khisa anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 19 Desemba 2008, baada ya kutumikia Karakana ya Gautam, Turubai na Mahema, hapa Nakuru, kwa miaka thelathini na moja na miezi miwili. Katika miaka hiyo yote ameugua siku nne, amechelewa mara moja, na kuomba msamaha bado tunangoja.

Wageni wanaokuja saa kumi na familia zao wasishangae kwamba karatasi hii imeandikwa na mtu wa mwisho kuajiriwa. Peterson, ambaye ndiye mkuu wa kukata na amekaa hapa miaka kumi na tisa, alisema yeye huandika juu ya parseli tu. Kavita wa ofisini, dadake boss, alisema akiandika yeye itatoka kama barua ya wakili. Boss mwenyewe, Jaydeep, alijitolea kutoa hotuba, na watu wote wakatazama sakafu, kwa sababu wanakumbuka ile ya mwaka jana. Ndipo Mzee akaninyooshea kidole. Akasema, "Aandike huyu. Ameishia darasa la nane, bado hajafundishwa kudanganya kwa maneno marefu." Kavita ameahidi kupiga chapa vile nitaandika, bila kuongeza na bila kupunguza. Kwa hivyo makosa ni yangu na sifa ni za Mzee, na zile sifa ambazo atazikana nitazitaja kwa sauti.

Alifika Nakuru mwaka wa 1977 kutoka upande wa Kitale akiwa na sindano mbili za gunia na barua ya mchungaji wake. Mzee Gautam, babake Jaydeep, hakuisoma barua. Alimpa turubai ya lori iliyochanika na kumwonyesha ukuta wa kukalia. Miaka saba ya kwanza kazi yake ilikuwa hizo turubai tu. Madereva wa malori ya barabara ya Mai Mahiu walimjua. Walikuwa wanakuja na haraka zao, wanapiga honi mlangoni, na Mzee anawapa ncha moja ya turubai washike wakati anashona ile nyingine. Dereva akilalamika anaambiwa, "Boss, ukiachilia tunaanza upya." Inasemekana kuna mmoja alishika mpaka mahindi yake yakaanza kuota. Peterson ndiye anasema hivyo, na Peterson huongeza.

Mwaka wa 1984 Mzee Gautam alinunua cherehani ya mkono mrefu, ile inayoshona zigizaga, kutoka kwa mzungu mmoja wa Naivasha aliyekuwa akishona matanga ya mashua za ziwani. Wageni wasishtuke nikisema matanga, hakuna mtu amekufa. Ni vile vitambaa vya kukamata upepo. Mzungu alimfundisha Mzee wiki tatu, akafunga mizigo yake akaenda kwao. Wakati huohuo rafiki wa Mzee Gautam anayeitwa Shabir alikuwa amefungua duka pwani, kusini mwa Mombasa, la kukodisha mbao za kuteleza juu ya maji. Mtu anasimama kwenye ubao, anashika tanga kwa mikono miwili, upepo unamvuta. Huko kuna maji ya kijani yaliyotulia, na mbele yake mwamba wa matumbawe unaozuia mawimbi. Mtu akiwa mjanja anageuka kabla ya mwamba. Akiwa si mjanja mwamba unachana tanga, na tanga linapanda basi kuja kwetu.

Tanga la kwanza kabisa nimesimuliwa na watu watatu, na wote wanakubaliana, jambo ambalo hapa halitokei. Lilikuja na machano matatu, na katikati lilikuwa na kipande cha plastiki, kikubwa kama trei ya chai, ambacho mtu akitazama anaona upande wa pili. Mzee alishona yale machano vizuri. Kisha akatazama ile plastiki akahurumia mtu aliyeishona kabla yake. Alidhani ni tundu, na kwamba mtu fulani maskini alikosa kitambaa akaliziba na karatasi ya mkate. Mtu wa turubai hawezi kuacha aibu kama hiyo itoke dukani. Akaikata, akaweka turubai ya kijani ya lori, nzito, akashona mara mbili kuzunguka, na akapiga ringi za shaba kwenye pembe nne kama zawadi.

Ile plastiki ilikuwa dirisha. Mwenye ubao anachungulia hapo ajue anaelekea wapi. Mteja wa Shabir alipanda ubao, akakamata upepo, akaenda kasi sana bila kuona chochote, akapita waogeleaji, akapanda mchanga na kusimama kwenye meza ya watu waliokuwa wanakula samaki. Shabir akaandika barua kali akiuliza dirisha lake liko wapi. Mzee akamjibu kwa mkono wake, na barua hiyo Shabir bado anayo. Inasema, "Dirisha la nini? Kwani huyo mtu hajui anakoenda?"

Lakini alijifunza. Alimwomba Shabir amwandikie vile tanga linakaa likijaa upepo, na tangu hapo hakurudia kosa. Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba Mzee Khisa hajawahi kufika baharini. Mbali kabisa alikowahi kwenda ni Athi River, mazishini. Bahari yote anayoijua imemfikia kwa basi, vipande vipande, imekunjwa. Tanga likifunguliwa mezani linamwaga mchanga, na chumvi inabaki kwenye mbao za meza mpaka mbuzi wa jirani huingia kulamba. Vile vijiwe vya matumbawe vinavyokwama kwenye mshono, Mzee huvitoa na koleo na kuviweka ndani ya kopo la mafuta ya Kimbo. Kopo sasa ni la nne.

Na kutoka hapo mezani anajua mwamba ule kuliko watu wanaoteleza juu yake. Tanga likichanika chini, kwa mistari mifupi inayofuatana, anasema huyu alienda wakati maji yametoka na mwamba uko karibu. Likichanika juu, mstari mmoja mrefu, huyu alianguka akavutwa. Kuna mteja mmoja ambaye tanga lake la buluu lilikuja mara tatu kwa mwezi. Mzee akampigia Shabir simu ya ofisi, mbele ya Kavita, akasema, "Mwambie huyo kijana wa buluu kwamba anageuka amechelewa. Na anageuka kulia kila siku. Mwambie ajaribu kushoto." Shabir akauliza kama Mzee ametuma mtu wa kupeleleza. Kijana alijaribu kushoto. Tanga la buluu halijarudi tena, na Mzee Gautam alinuna wiki nzima kwa sababu ya mteja huyo kupotea.

Mwaka wa 2003 zikaja kaiti. Sisemi zile za watoto za karatasi. Hizi ni kubwa kama paa la kibanda, zina mirija ya kujaza hewa kama tyubu ya gari, na mtu anajifunga nayo kiunoni kwa kamba nne ndefu halafu inamrusha juu ya maji. Mzee aliitazama ya kwanza akasema sasa hawa watu wamechoka kuishi. Tyubu yake ikapelekwa kwa Kiplangat wa pancha, mlango wa tatu kutoka hapa, akaizamisha kwenye karai akitafuta mapovu, na watu wa lori wakasimama foleni nyuma yake wakiuliza hilo gari ni la kampuni gani.

Hapa karakanani tuko na desturi moja iliyoanzishwa na Mzee. Hakuna kitu cha upepo kinachotoka kabla ya kuonjeshwa upepo. Matanga huonjeshwa kule Kiamunyi, kwenye uwanja ulio wazi, na jioni tunarudi na majani kwenye nywele. Lakini ile kaiti Mzee alisema inahitaji mahali pa kupumua, kwa hivyo wakaipeleka Ndabibi, Mzee na Peterson, kwenye lori la mteja lililokuwa linaenda kuchukua kabeji. Mzee akajifunga zile kamba kiunoni. Peterson akashika mshipi wa Mzee. Upepo wa Ndabibi ukashuka kutoka kilimani bila kubisha.

Hapa ushuhuda unatofautiana. Mzee anasema walitembea haraka. Peterson anasema walipita shamba la viazi la mama mmoja wakiwa wamelala chali, mistari mitatu, na kwamba viazi vilikuwa vinatoka ardhini vyenyewe. Waya wa ng'ombe ndio uliwasimamisha. Yule mama alitoka na panga akidhani ni wezi wa aina mpya. Alipoona kile kitu cha rangi ya waridi kikipumua juu ya ua wake, na mzee mmoja chini yake akipapasa mishono na kusema, "Imeshika, hata mmoja haujaachia," aliweka panga chini akawaonyesha majembe. Walichimba viazi vyake vyote vilivyobaki mpaka saa kumi na moja. Peterson aliapa kutoshika mshipi wa mtu tena.

Niseme kidogo juu ya majina. Mzee Khisa hamwiti mtu jina lake akiwa kazini. Peterson ni "wewe wa mkasi." Kavita ni "wewe wa kalamu." Jaydeep, ambaye ndiye anaweka sahihi kwa barua zote, ni "kijana wa Gautam." Mimi ni "wewe wa uzi." Neno fundi ndilo halitoi kabisa. Mteja akimwita yeye fundi anakubali, lakini mwenyewe amelitumia kwa watu wawili tu, yule mzungu wa Naivasha na Mzee Gautam, ambaye sasa anapumzika Kisumu kwa bintiye mkubwa. Peterson amelingoja miaka kumi na tisa. Mwaka juzi alishona hema la harusi la watu mia tatu, peke yake, siku tano. Mzee alilizunguka lote, akagusa kila kona, akamwambia, "Wewe wa mkasi, umefanya kazi." Peterson anasema hakulia. Mimi sikuwepo.

Nilikuja baadaye, na hapo nisamehewe nikipunguza mchezo kidogo.

Januari mwaka huu hakuna tanga lililokuja. Barabara zilifungwa na ghasia za baada ya kura, pwani wageni walitoroka, na hapa mjini kila mtu anajua vile ilikuwa. Mimi na Chesang, akiwa na miaka minne, tulikuwa kati ya watu waliokimbia nyumba zao na kukaa uwanja wa maonyesho. Mahema hayakutosha. Siku ya tatu alikuja mzee mmoja na mkokoteni, na juu yake matanga saba ambayo wateja hawakuwahi kuyafuata. Alikuwa ametembea kutoka mjini akisukuma, siku ambayo watu wenye akili walikuwa ndani. Hakuuliza mtu ni wa kabila gani. Aliuliza ni nani ako na mtoto mdogo. Kisha akafunga tanga moja juu ya miti miwili akininung'unikia kwamba nimeshika kamba vibaya.

Kwa hivyo kati ya mahema meupe kukawa na kona yetu, ya waridi, ya machungwa, ya kijani ya kuumiza macho. Watu waliiita Mombasa. Mtu akipotea anaambiwa, "Nenda mpaka uone Mombasa, halafu pinda." Letu lilikuwa na dirisha. Mvua ilipoanza, Chesang alikaa kwenye dirisha hilo siku nzima akihesabu watu wanaoanguka kwenye matope, na kila mmoja akianguka anacheka. Sikuwahi kumwelezea kwamba tuko shidani. Alidhani tumepewa nyumba nzuri kuliko ya kwanza, na mimi nilikaa hapo nikimtazama na kufikiri pengine yeye ndiye ameelewa.

Tulipotoka, mwezi wa Machi, nililikunja tanga nikalirudisha. Jina la karakana lilikuwa limeandikwa pembeni. Mzee alinitazama kama mtu aliyeleta ng'ombe benki.

"Umeleta?"

"Si ni lenu, mzee."

"Niligawa saba. Hii ndiyo ya kwanza kurudi."

Akalitandaza mezani. Mahali fulani lilikuwa limechanika kwa waya na nikalishona mwenyewe, kwa sindano ya kuazima na uzi niliofumua kwa gunia la unga. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono wangu polepole, akarudia, akavuta kwa nguvu mpaka nikadhani amekasirika. Akasema, "Mbaya sana. Lakini imeshika." Jumatatu nikaanza kazi. Chesang alipewa sanduku la ringi za shaba azipange, na kufikia leo amemeza moja tu, na tuliipata.

Sasa kuna jambo ambalo boss atalisoma hapa kwa mara ya kwanza, akiwa ameshika soda. Nimemwuliza Mzee mara mbili kama niandike. Akasema, "Andika. Nikishastaafu atanifuta kazi gani?"

Tangu Agosti Mzee Khisa hajashona. Macho yake yana ukungu, yote mawili, la kushoto zaidi. Siku moja mwezi huo alishona mstari mzima nje ya kitambaa, akasimamisha cherehani. Kisha akainuka na kuniambia nikae kwenye kiti chake. Tangu siku hiyo mimi nashona na yeye anasikiliza. Anajua kwa sauti kama sindano imeanza kuwa butu. Nikimaliza anapitisha kidole gumba kwenye mshono, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na akifika mahali nimekosea anasimama hapo na kuanza kuongea juu ya mama yangu. Kitambaa cha kaiti hakisamehi. Turubai ukikosea unafumua, unarudia. Hiki ukifumua yale matundu ya sindano yanabaki na hapo ndipo patapasuka mtu akiwa hewani. Kwa hivyo kila mshono unaushona mara moja tu katika maisha yake. Matanga kumi na moja yametoka hapa tangu Agosti, na hakuna hata moja lililorudi. Jaydeep, yote kumi na moja ni mimi. Usimfokee Mzee. Kama lazima ufoke, ngoja nimalize keki.

Naandika hayo kwa sababu meza ya matanga haijulikani kama itafungua Jumatatu. Mzee alipotoa barua ya kustaafu, boss alisema heri cherehani ile ya mkono mrefu iende kwa mtu wa Naivasha anayeshona mapaa ya plastiki ya mashamba ya maua, kwa sababu hakuna mwingine wa kuitumia. Mzee akasema, "Yuko." Akanielekezea kidevu.

"Mzee, huyu ana miezi tisa tu hapa."

"Na wewe ulikuwa na mingapi ulipopewa ufunguo, kijana wa Gautam?"

Jaydeep alicheka, maana si mtu mbaya, lakini hakukubali bure. Wakaelewana hivi. Kaiti ya manjano ilikuwa imekuja kutoka kwa Shabir, imepasuliwa na mwamba kutoka mrija wa mbele mpaka ukingo wa nyuma, zaidi ya urefu wangu. Wengine wangeitupa. Nitaishona mimi, na Mzee asiiguse, hata kwa kidole gumba. Ikienda pwani ikashika, meza inabaki na mimi nabaki nayo. Ikiachia, cherehani inaenda Naivasha na mimi narudi kupiga ringi, kama zitakuwepo za kupiga.

Nilishona siku tisa. Mzee alikaa mbali, karibu na mlango, mikono ameikalia. Siku ya sita alisema cherehani inalia vibaya upande wa kulia. Peterson akamwambia hiyo ni kugusa kwa masikio, anyamaze. Kiamunyi tuliionjesha upepo mimi na Peterson, na nashukuru kwamba alishika mshipi wangu ingawa alikuwa ameapa. Ilikaa juu, ya manjano, bila kutetemeka. Chesang alilala chini yake kwenye nyasi akaniuliza kama tutahamia hiyo. Lakini upepo wa Kiamunyi ni wa kuonja tu. Jumatatu ikapanda basi. Shabir amesema ataipandisha yeye mwenyewe leo mchana, upepo wa bahari ukishaamka, mpaka karibu na mwamba na kurudi, na atapiga simu ofisini. Shabir si mtu mwepesi. Kavita amemwona harusini na anasema kama kaiti itambeba huyo, itabeba hata lori la Mai Mahiu na dereva wake.

Sasa ni saa nane na dakika kumi. Simu haijalia. Mzee amemaliza andazi la tatu na ameuliza saa mara nne, akijifanya anataka kujua kama keki imefika. Mimi nimefuta maneno mawili hapo juu na kuyaandika upya. Ikiwa mbaya, basi karatasi hii ni ya kuaga watu wawili, na Kavita apige chapa hivyohivyo. Siombi kuhurumiwa. Mtu aliyewahi kukaa Mombasa ya uwanja wa maonyesho na akatoka hawezi kuogopa simu. Naogopa kidogo tu.

Zawadi yetu kwake tusiifiche zaidi. Januari, tarehe kumi na mbili, Mzee anafanyiwa macho. Daktari amesema ukungu ule unatolewa kama mtu anafungua pazia. Wiki tatu baadaye kuna tikiti ya basi kwa jina lake, kwenda Mombasa, na Shabir atampokea. Alikataa siku mbili. Alisema amekwisha kuiona bahari yote ikipita juu ya meza yake, na kwamba haikumfurahisha sana. Ndipo Peterson akamwambia, "Mzee, nenda basi uangalie kama wanageuka kushoto." Jioni alikuwa ameshauliza kama kule mtu huvaa viatu au vipi. Atabeba yale makopo manne ya Kimbo. Anasema anataka kurudisha mawe yao.

Mzee wetu, umetufundisha kwamba mshono hauulizwi kama unapendeza, unavutwa. Ulitufokea kwa haki mara nyingi na bila haki mara chache, na kwa hizo chache hatukudai. Ulisukuma mkokoteni siku mbaya. Kwa niaba ya wote wa karakana hii, kuanzia meza ya kukata mpaka jiko la chai, na kwa niaba ya watu wote wanaoteleza juu ya maji wakiwa hai bila kujua ni nani aliwashonea, asante. Tunakuombea macho mapya, safari ya basi lisilopata pancha, maji ya kijani vile uliyafikiria, na miaka mingi ya kukaa kitini bila mtu wa kukuuliza

Simu imelia. Kavita ameishika. Anasema ndiyo, Shabir bhai, ndiyo, ngoja, ananyoosha waya mpaka mlangoni na kumpa Mzee. Mzee ameiweka sikioni. Anasikiliza vile husikiliza cherehani, na uso umeinama, siwezi kuuona. Amesema, "Mpaka kwa mwamba, na kurudi?" Amesema, "Na wewe na hicho kitumbo?" Sasa ameinuka kwa haraka, na cherehani imekataa, na kiatu kimebaki pale kwenye mguu wa cherehani kimefungwa imara. Hajakitazama hata. Anakuja na soksi moja, waya wa simu umemfuata mpaka umeisha, na ananyoosha ile simu upande huu na kuita. Hajasema wewe wa uzi. Amesema fundi. Peterson amegeuka haraka akidhani ni yeye, lakini mkono haujamwelekea yeye, na sasa ameita mara ya pili, kwa nguvu zaidi, kwa hivyo yale ya mwisho ya kumtakia Mzee itabidi